Hali ya 0+ Iliyokosekana: Kisa cha Kalsiamu-42

Kiini cha kalsiamu-42 kina hali ya msisimko yenye spini sifuri na pariti chanya, inayoandikwa 0+, iliyo MeV 1.837 (elektronivolti milioni 1.837) juu ya hali yake ya chini kabisa; spini ni kiasi cha mzunguko wa kiini, na pariti husema kama hali hubaki na alama yake (chanya) au huibadili (hasi) pande zote zikigeuzwa. Ngazi hiyo haikutokea katika hesabu za mwanafunzi wa uzamili wa chuo kikuu kimoja cha eneo la Kisumu, ambaye rasimu ya tasnifu yake nilikuwa mmoja wa walioombwa kuisoma. Ngazi nyingine tatu zilitokea karibu na pale zilipopimwa, lakini hiyo moja, ambayo katika kipimo ni ya pili tu kutoka chini kati ya hali za msisimko, haikuonekana kabisa. Naeleza hapa jinsi upungufu huo ulivyochunguzwa, kwa sababu njia ya kwanza iliyofuatwa kuuziba ni njia ambayo wengi wanaoanza kazi hii huipitia, nayo ilikuwa na hatari kuliko upungufu wenyewe.

Mwanafunzi huyu ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili huko Vihiga, anayeshuka Kisumu kila Jumamosi kwa barabara ya Kakamega kukutana na msimamizi wake. Hakuna kichapuzi cha chembe katika eneo hili, na kwa kazi ya aina yake hakihitajiki. Vipimo vya ngazi za nishati za viini vimekusanywa katika hifadhidata ya Brookhaven, Marekani, ambayo yeyote mwenye intaneti huisoma bure; programu ya KSHELL, inayohesabu ngazi hizo, hupatikana bila malipo; na kalsiamu-42, ikichukuliwa kwa njia ya kawaida, ni mzigo mwepesi hata kwa kompyuta ndogo inayoendeshwa kwa betri pale stima inapopotea. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya nyanja chache za fizikia ya viini ambamo mtu wa magharibi mwa Kenya anaweza kufanya kazi ya kweli bila kusubiri mashine.

Modeli ya magamba, kwa wasiokuwa nayo karibu, huchukulia kwamba protoni na nyutroni hukaa katika obiti zilizopangwa kwa magamba, na kwamba gamba likijaa kiini huwa imara kuliko majirani zake. Namba za kujaa ni 2, 8, 20, 28, 50, 82 na, kwa nyutroni, 126. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer, na kwa upande wa pili Hans Jensen pamoja na Otto Haxel na Hans Suess, walionyesha kwamba namba hizo hutokea zote ikiwa spini ya chembe imeunganishwa kwa nguvu na mwendo wake katika obiti. Mayer na Jensen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963 kwa kazi hiyo, pamoja na Eugene Wigner aliyetuzwa kwa mchango mwingine. Kalsiamu-40 ina protoni 20 na nyutroni 20, yaani imejaa pande zote mbili. Kalsiamu-42 ni hiyo hiyo ikiongezewa nyutroni mbili, na obiti ya kwanza iliyo wazi juu ya 20 ni f7/2 (herufi hutaja aina ya obiti, na 7/2 ni spini ya jumla ya chembe iliyomo).

Nyutroni mbili zikikaa katika f7/2, kanuni ya Pauli (chembe mbili za aina moja haziwezi kuwa katika hali ile ile) huziruhusu kutoa spini za jumla 0, 2, 4 na 6 pekee, kila moja mara moja. Kipimo kina 0+ kama hali ya chini kabisa, 2+ kwenye MeV 1.525, 4+ kwenye 2.752 na 6+ kwenye 3.189, na mpangilio huo ndio hasa unaotarajiwa. Tatizo ni kwamba kipimo kina pia hiyo 0+ nyingine kwenye 1.837, na f7/2 haina nafasi ya 0+ ya pili.

Mwanafunzi alilijua hilo, na hakuishia kwenye f7/2. Alitumia gamba zima la pf, yaani f7/2, p3/2, f5/2 na p1/2, pamoja na mwingiliano wa KB3G, yaani seti ya namba za nguvu kati ya chembe, uliotayarishwa kwa ajili ya gamba hilo. Hapo hali za 0+ ni nne, moja kwa kila obiti inayobeba jozi, na matriki yote ya kalsiamu-42, jedwali la namba ambalo ngazi hutokana nalo, ina safu 30 tu, kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuihakiki kwa mkono. Programu ilimaliza kabla kikombe cha chai hakijapoa. 0+ ya pili ilitoka juu ya MeV 5.

Kabla ya kufika kwenye kilichofuata, kuna ukurasa mmoja wa daftari lake unaostahili kuangaliwa, kwa sababu ulikuwa sahihi na ulibeba jibu ambalo yeye hakuwa ameliona bado. Alikuwa ameandika nishati ya kung'oa nyutroni moja kutoka kalsiamu-41, MeV 8.363, na chini yake ile ya kalsiamu-42, MeV 11.481, kisha akatoa. Tofauti, 3.118, ni kiasi ambacho nyutroni ya pili imefungwa zaidi ya ile ya kwanza, yaani nguvu ya jozi yenye spini 0 katika f7/2. Ukiongeza ngazi zilizopimwa juu ya −3.118 unapata −1.593 kwa spini 2, −0.366 kwa spini 4, na 0.071 kwa spini 6, ikimaanisha kwamba nyutroni mbili zilizoelekezana kwa spini 6 karibu hazihisiani kabisa. Kwa upande mwingine, katika kalsiamu-41 nyutroni hugharimiwa MeV 1.943 kuhama kutoka f7/2 kwenda hali ya kwanza ya 3/2−, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo p3/2. Jozi nzima ikihamia huko inalipa mara mbili, karibu 3.89, na inapoteza ile 3.118 ya f7/2. Jumla ni karibu MeV 7. Jozi ya p3/2 nayo ina mvuto wake, unaorudisha MeV moja hivi. Kwa hiyo 0+ ya pili ya gamba la pf inatarajiwa karibu na MeV 6 hata kabla ya kuwasha kompyuta. Programu haikukosea, ilisema kilichosemwa na daftari.

Hata hivyo rasimu ya kwanza iliyotufikia ilionyesha 0+ ya pili kwenye MeV 1.8, ikilingana na kipimo kwa namna ya kuridhisha mno. Katika faili ya maandishi inayolishwa programu, ambamo obiti hutajwa kwanza, kisha nishati zake nne, kisha namba 195 za mwingiliano, nishati ya p3/2 ilikuwa imeshushwa hadi ikakaa karibu bega kwa bega na ile ya f7/2. Sikuwa na sababu ya kudhani udanganyifu, kwa kuwa alilieleza jambo hilo waziwazi katika tanbihi na kuliita marekebisho. Msimamizi alipomwita, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Daktari, nikishusha p3/2, hali ya 0+ inakuja yenyewe."

"Haijaja yenyewe, mwalimu. Umeivuta. Sasa tafadhali fungua jedwali la kalsiamu-41."

Kalsiamu-41 haina pa kujificha. Ina nyutroni moja tu juu ya kiini msingi, yaani kalsiamu-40 iliyojaa, na nishati ya obiti katika faili ndiyo ngazi inayotoka. Faili iliyorekebishwa iliipa 3/2− iliyokaribia sifuri, wakati kipimo kinasema 1.943. Hapa ndipo penye kanuni ambayo ningependa iandikwe ukutani katika kila chumba cha wanafunzi wa uzamili: karibu na magamba yaliyojaa, namba za modeli hazina uhuru ule zinaoonekana kuwa nao, kwa maana kila moja imekwisha kuwekewa dhamana na kiini jirani. Nishati za obiti zinamilikiwa na kiini chenye chembe moja ya ziada, na nguvu za jozi zinamilikiwa na kiini chenye mbili. Mtu anayezigeuza ili kupata ngazi moja anakuwa amekopa kutoka kwa jirani bila kumwambia.

Kulikuwa na zaidi katika jedwali lile lile. Mstari unaofuata baada ya 3/2− ya 1.943, MeV 0.067 tu juu yake, ni hali ya 3/2+ kwenye 2.010. Pariti ya obiti zote nne za pf ni hasi, kwa hiyo nyutroni moja katika gamba hilo haiwezi kamwe kutoa pariti chanya. Hali hiyo hutokea pale chembe moja inapoinuliwa kutoka d3/2, obiti iliyo ndani ya kiini msingi ambacho tulisema kimejaa, ikajiunga na jozi katika f7/2 na kuacha shimo nyuma yake. Pengo linalotenganisha magamba hapo ni MeV kadhaa, lakini faida ya kuunda jozi na kupanga upya zilizobaki inalipa sehemu kubwa ya gharama, na bei halisi inashuka hadi 2.010. Mwanafunzi alikuwa amechukua namba yake ya p3/2 kutoka mstari wa juu na kuuruka huu. Kama kufungua kiini msingi kunagharimu MeV mbili katika kalsiamu-41, hakuna msingi wa kudai kwamba katika kalsiamu-42 kimefungwa.

Kalsiamu-40 yenyewe inasema hivyo. Hali yake ya kwanza ya msisimko ni 0+ kwenye MeV 3.353, ikifuatwa na 3− kwenye 3.737 na 2+ kwenye 3.904. Mtu aliyefundishwa kwamba kiini kilichojaa pande mbili ni tufe gumu atashangaa kuona 0+ ikitangulia, kwa kuwa hakuna njia ya kuipata kwa kuinua chembe moja kwa urahisi. Inahitaji kundi la chembe kuvuka pengo pamoja na kuunda umbo lililorefuka. Mwaka 1967 Gerace na Green walipendekeza kwamba katika isotopu za kalsiamu hali hizi zilizorefuka hukaa kando ya hali za kawaida na kuchanganyika nazo. Kwa kalsiamu-42 picha ni kwamba chembe mbili za kiini msingi zinapanda kujiunga na nyutroni mbili za nje, ikawa chembe nne juu na mashimo mawili chini, na mvuto kati ya protoni na nyutroni zilizo katika obiti zile zile wazi unalipa safari nzima isipokuwa MeV 1.837.

Maelezo mazuri hayatoshi katika tasnifu, na kamati ilitaka jaribio ambalo lingeweza kuyaangusha. Jaribio lililochaguliwa ndilo sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki, kwa kuwa halikuhitaji hesabu mpya hata moja. Titani-50 ina protoni 22 na nyutroni 28: ni kalsiamu-48, iliyojaa pande zote mbili, ikiongezewa protoni mbili katika f7/2 ile ile. Ngazi zake ni 2+ kwenye MeV 1.554, 4+ kwenye 2.675 na 6+ kwenye 3.199. Ziweke kando ya 1.525, 2.752 na 3.189 za kalsiamu-42, na utaona viini viwili vyenye tofauti ya chembe nane vikiimba wimbo mmoja. Lakini titani-50 haina 0+ ya pili chini ya MeV 3. Kama 0+ ya 1.837 ingekuwa mali ya jozi ya f7/2, au hata ya mvutano kati ya f7/2 na p3/2, ingepaswa kutokea katika viini vyote viwili. Inatokea pale tu ambapo kiini msingi ni kalsiamu-40. Katika titani-50 nyutroni zimejaza f7/2 hadi 28, kwa hiyo protoni zikipanda hazikuti nyutroni zilizo na nafasi ya kujipanga upya pamoja nazo, na gharama inabaki bila kulipwa.

Jaribio hilo linaweza kurefushwa. Kwa obiti yenye j = 7/2, mwingiliano wowote wa chembe mbili mbili huhifadhi idadi ya chembe zisizo katika jozi, na matokeo yake ni kwamba umbali wa 2+ ya jozi moja iliyovunjika kutoka hali ya chini hautegemei kama chembe ni mbili, nne au sita. Upande wa nyutroni 28 hili linashika vizuri: titani-50 ina 1.554, kromu-52 ina 1.434, chuma-54 ina 1.408. Upande wa kalsiamu ni habari nyingine: kalsiamu-42 ina 1.525, kalsiamu-44 inaporomoka hadi 1.157, na kalsiamu-46 inapanda tena hadi 1.346. Kitu kinachovuruga kipo katikati ya mnyororo, mbali na 20 na mbali na 28.

Kipenyo cha chaji ya umeme kinaelekeza huko huko. Tangu kalsiamu-40 hadi kalsiamu-48 protoni ni 20 daima, na nyutroni ndizo zinazoongezeka. Nusu kipenyo cha chaji ni femtomita 3.478 mwanzoni na 3.477 mwishoni, yaani karibu namba ile ile, lakini katikati kinavimba: 3.508 katika kalsiamu-42 na 3.518 katika kalsiamu-44. Protoni zinazodaiwa kukaa kimya ndani ya gamba lililojaa haziwezi kuvimba na kunywea hivyo. Mwaka 2001 Caurier na wenzake walieleza uvimbe huo kwa modeli ya magamba, kwa kufungua d3/2 na s1/2 za chini pamoja na f7/2 na p3/2 za juu, hivi kwamba protoni kadhaa ziliruhusiwa kuvuka 20. Na mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Legnaro, Italia, ambamo viini vya kalsiamu-42 vilipitishwa karibu na viini vya risasi-208 na dhahabu na miale yake ya gama kupimwa kwa vigunduzi vya AGATA. Yalionyesha kwamba 0+ ya pili ina umbo lililorefuka sana, β, kipimo cha mrefuko, ikiwa karibu 0.4, wakati hali ya chini haina mrefuko thabiti wa namna hiyo.

Swali la kamati likawa kama mwanafunzi arudie hesabu katika nafasi hiyo pana. Hapa hukumu ilikuwa ya kiutendaji kuliko ya kinadharia. Kiini msingi kikishushwa hadi silikoni-28, kalsiamu-42 ina protoni sita na nyutroni nane za kuhesabiwa katika obiti nne, na matriki inaruka kutoka safu 30 hadi makumi ya mamilioni. Hilo si jambo lisilowezekana, kwa kuwa programu za leo hazihifadhi matriki yote bali hutafuta ngazi chache za chini kwa kuizidisha na vekta mara kwa mara, lakini si kazi ya kompyuta inayozimika katikati ya usiku. Tena kuna mtego wa kifizikia: obiti za magamba mawili zikichanganywa bila kuwa kamili, mwendo wa kiini kizima angani unaweza kujipenyeza ndani ya ngazi na kuonekana kama msisimko halisi, na kuuondoa kunataka uangalifu. Msimamizi alikataa, nami nilikubaliana naye. Tasnifu inayosema kwa usahihi pale nafasi yake inapoishia ina thamani kuliko hesabu kubwa ambayo mwandishi wake hawezi kuitetea.

P3/2 ilirudishwa mahali pake. Katika jedwali la mwisho safu ya hesabu kwa 0+ ya 1.837 imeachwa tupu, na 0+ ya pili ya gamba la pf imeandikwa kwenye mstari wake yenyewe juu ya MeV 5, bila kuoanishwa na ngazi isiyo yake. Sura iliyoongezwa inalinganisha kalsiamu na titani kama nilivyoeleza, nayo sasa ndiyo uti wa tasnifu, ingawa hapo awali haikuwa katika pendekezo lake la utafiti.

Siku ya utetezi mtahini kutoka nje aliuliza swali moja lililostahili kuulizwa. Kama hali iliyorefuka inachanganyika na hali ya chini, basi inaisukuma chini, na ile −3.118 ya daftari si nguvu ya f7/2 tupu bali imebeba sehemu ya msukumo huo. Je, ni kiasi gani? Mwanafunzi alijibu kwa kalsiamu-48 tena. Nishati ya kung'oa protoni ni MeV 9.63 katika skandi-49 na 12.16 katika titani-50, kwa hiyo jozi ya protoni katika f7/2 inapata −2.53. Tofauti na kalsiamu ni karibu 0.6. Sehemu chache za kumi za MeV katika hiyo ni msukumano wa umeme kati ya protoni mbili, ambao nyutroni hazina, na kinachobaki, labda 0.2 au 0.3, ndicho kikomo cha juu alichokuwa tayari kukihusisha na mchanganyiko, huku akikumbusha kwamba kiini kizito zaidi kwa chembe nane hulegeza kidogo pia nguvu ya jozi yenyewe. Mtahini aliandika namba hiyo pembeni mwa nakala yake na kuhamia sura iliyofuata.